Jumanne za Solange

Dativa, niliyemwachia meza yangu na dirisha linalotazama mashariki, aliniomba nimwandikie mambo ambayo hayamo katika miongozo ya kazi. Nilimjibu kwamba mambo hayo huenda yameachwa nje kwa sababu nzuri. Alicheka akidhani ninatania. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu ni ndefu kuliko nilivyotarajia, na nimegundua kwamba ninawafikiria watoto wachanga wa watu wengine zaidi ya nilivyowafikiria nilipokuwa nikilipwa kufanya hivyo. Basi ninaandika, kwa ajili yake na kwa wauguzi wengine vijana waliobaki katika kliniki yetu ndogo ya upande wa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali. Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa na havikumponya mtoto yeyote.

Nililelewa Karagwe, ng'ambo ya mpaka, katika familia ya Wanyarwanda waliokimbilia huko, na huko ndiko niliposomea uuguzi. Tuliporudi Kigali nilikuwa na cheti kipya, sare moja, na Kinyarwanda ambacho wenyeji walikisikiliza kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. Mkunga mkuu alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Imakulata, aliyefunzwa na masista. Aliongea Kifaransa na madaktari, Kinyarwanda na wazazi, na mimi hakuniongelesha kabisa kwa siku kadhaa. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi tochi ndogo yenye umbo la kalamu, akanionyesha kiti, akaondoka.

Wa kwanza kuniletea mtoto alikuwa baba kijana na mkewe. Mtoto alikuwa na kwikwi. Niliwaeleza kwa ufasaha mkubwa juu ya msuli ulio chini ya mapafu, wakanishukuru, wakaenda zao. Imakulata alitokea mlangoni.

"Wamekuambia nini?"

"Kwikwi."

"Na langoni je?"

"Langoni sikufika, Madamu."

"Basi hujaonana nao bado," alisema, akarudi alikotoka.

Ilinichukua muda kumwelewa. Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Unamsindikiza, unatembea naye kipande cha njia, na kila mtu anajua kwamba lile hasa lililomleta linaweza kusemwa hapo, miguu ikiwa inatembea na macho yakitazama kwingine. Imakulata aliigeuza adabu hiyo kuwa njia ya uchunguzi. Aliamini kwamba mzazi anapoketi mbele ya sare hutoa swali la heshima, na swali lenyewe hulibeba hadi nje. Mara yangu ya kwanza kutii, nilimsindikiza mama aliyekuja kwa sababu ngozi ya mwanawe ilikuwa ikibanduka. Ngozi ya kila mtoto mchanga hubanduka. Tulipofika langoni alisimama, akarekebisha kitenge alichombebea mtoto, akaniuliza bila kunitazama: "Yule mwenzangu wa kitanda cha jirani alijifungua mtoto mweupe kama huyu. Mna hakika hamkutubadilishia?"

Tangu siku hiyo sikuamini swali la kwanza la mzazi yeyote. Nilisikia maelfu yake. Chafya. Vipele vyekundu vinavyohama kutoka shavuni hadi kifuani. Matiti yaliyovimba ya mtoto wa kiume, ambayo baba huyatazama kwa uso wa mtu aliyetukanwa. Doa la rangi ya chungwa kwenye nepi za siku za mwanzo, ambalo kila mtu hudhani ni damu. Mtoto kushtuka na kutawanya mikono bila sababu. Kwa hilo la mwisho kliniki yetu ilikuwa na kifaa ambacho hospitali kubwa hazina: ndege zinazotua zilipita juu ya paa letu zikiwa chini kiasi cha kukatiza mazungumzo, na mtoto aliyeshtuka tulijua anasikia. Nilipata kuwaambia wazazi kwamba kwa kipimo hicho hatutozi pesa.

Lakini ni lazima niwaambie pia juu ya wale wasioogopa. Katika miaka yangu ya mwanzo walikuja mume na mke waliovaa vizuri, wakiwa njiani kwenda kanisani, kumwonyesha Imakulata mtoto aliyezaliwa mikononi mwake. Hawakuwa na lalamiko lolote. Walijisifu kwamba mtoto wao ni mpole, halii, analala mchana kutwa, hata kunyonya huwa hadai. Mimi nilitabasamu pamoja nao. Imakulata hakutabasamu. Alimchukua mtoto, akampeleka dirishani, akambonyeza pua kwa kidole na kuachia. Ngozi ilipaswa kurudi na rangi yake, ikarudi na manjano. Akakagua nyayo. Manjano. Waliondoka kwa gari la wagonjwa badala ya kwenda kanisani, na mtoto yule alilazwa chini ya taa za buluu mpaka akapona. "Usimwogope mzazi anayeogopa," Imakulata aliniambia baadaye akinawa mikono. "Mwogope aliyetulia." Ndiyo sababu nimemwachia Dativa dirisha lile, na ninamwomba asikubali wamwekee pazia.

Imakulata alipofariki nilirithi meza yake. Nikiwa katika umri ambao wenzangu walianza kuzungumzia mashamba watakayolima baada ya kazi, mimi nilirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu wasiwasi wa wazazi wa mtoto wa kwanza. Nilitafsiri dodoso la kupima wasiwasi kwa Kinyarwanda, nikawahoji akina mama, nikachora grafu ambazo bado naziona nzuri. Msimamizi wangu alirudisha sura ya tatu ikiwa na sentensi moja tu pembeni: Je, umefikiria uwezekano kwamba mama anakudanganya?

Sikuwa nimeufikiria. Nilijua kwamba wazazi huficha. Kwamba wangeweza kubuni, sikujua. Nilimaliza shahada, nikavaa joho, nikapigwa picha, lakini sentensi ile ilinitikisa kuliko mtihani wowote, na nilirudi kazini nikiwa nimepata sifa moja na ugonjwa mmoja. Nilianza kushuku kila kitu. Nilishuku mama aliyejibu haraka na mama aliyejibu polepole. Nilishuku nepi safi. Dativa, ambaye wakati huo alikuwa amejiunga nasi karibuni, alinibatiza jina la Masters, na alilitamka kama mtu anayemwita mbuzi mkaidi.

"Masters, chafya ni chafya tu," aliniambia.

"Mpaka ithibitike."

"Itathibitika vipi? Uiulize?"

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Solange, katika mwaka wangu wa mwisho kazini.

Alikuja asubuhi ya Jumanne, akiwa na binti yake Keza ambaye kitovu kilikuwa hakijaanguka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo. Mumewe, Eriki, alifanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege na alikuwa tayari amevaa kizibao chake cha njano.

"Muganga, mutoto iko napiga chafya sana," alisema Eriki kwa Kiswahili cha mjini kwetu, maana alikuwa amenisikia nikiongea na Dativa. "Mama yake naogopa."

"Mama yake ni huyu hapa. Anaweza kuniambia mwenyewe."

"Ah, huyu? Huyu iko na haya hata kwa redio." Akatazama saa. "Mimi naingia kazi, Muganga. Ndege haingojaki mutu. Nitamukuta hapa jioni."

Akaondoka. Nilimvua Keza nguo, nikampima uzito, nikamtazama tundu za pua, nikasikiliza kifua, nikamtazama akinyonya. Alikuwa mtoto mzima wa kupendeza. Nilimgeukia mama yake nikamwambia kwa Kinyarwanda neno nililolisema mara nyingi kuliko jina langu: ni kawaida. Pua ya mtoto mchanga ni nyembamba, naye huisafisha kwa chafya.

Sasa naomba mzingatie jambo hili, kwa sababu ndilo nililoling'ang'ania. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ni mzima, hupumua. Mabega hushuka. Nimeliona hilo kwa wanajeshi, kwa walimu, kwa wauza nyanya. Solange hakupumua. Aliniuliza, "Kwa hiyo tunaweza kurudi nyumbani?" Nikasema mnaweza. Akainamisha kichwa kama mtu aliyenyimwa ruhusa.

Niliinuka ili nimsindikize. Alinishukuru, akatoka, akaenda kuketi kwenye benchi la uani pamoja na akina mama wengine, na hapo akakaa hadi mumewe alipotoka kazini. Imakulata hakuwa ameniachia maelekezo kwa hali kama hiyo. Huwezi kumsindikiza mtu ambaye haondoki.

Jumanne iliyofuata alirudi. Safari hii alisema ameona doa la rangi ya chungwa kwenye nepi. Nilitega masikio. Doa hilo ni la siku za mwanzo, na Keza alikuwa ameshazipita.

"Nepi umekuja nayo?"

"Niliitupa, Muganga."

"Ulipoliona ulifikiri ni nini?"

Akasita. "Damu," alisema, kama mwanafunzi anayekumbuka jibu.

Jumanne ya tatu ikawa matiti kuvimba, na hayakuwa yamevimba. Nilipomtazama kupitia dirishani akiwa benchini, nilielewa alikoyapata. Juma lililotangulia alikuwa ameketi jirani na mama ambaye mwanawe alikuwa na matiti yaliyovimba. Kabla ya hapo aliketi karibu na mama wa nepi yenye doa. Solange alikuwa akikusanya malalamiko ya wenzake na kuniletea moja kila Jumanne, kama mtu anayechuma mboga.

Nilipeleleza zaidi. Walikaa Batsinda, upande mwingine kabisa wa mji. Kutoka Batsinda hadi kwetu angeweza kupita vituo vya afya kadhaa, kimojawapo karibu na mlango wake, ambako bima yake ingekubaliwa; kwetu haikutambuliwa. Mama mwenye mtoto mzima anauvuka mji kuleta dalili ya mtoto wa mwingine mahali ambapo bima yake haifanyi kazi, kisha hataki kuondoka. Nilimweleza Dativa nadharia zangu. Huenda mume anampiga, na kwetu anapata siku ya amani. Huenda anaogopa kubaki peke yake na mtoto kwa sababu ya mawazo asiyothubutu kuyatamka. Huenda ni mtoto mwenyewe anayedhuriwa, nasi tunaonyeshwa chafya ili tusione mbavu.

"Au labda anapenda benchi letu," alisema Dativa. "Lina kivuli."

Nilimkagua Keza ngozi yote, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya mapaja. Hakuna alama. Nilimpa Solange dodoso langu mwenyewe, lile la utafiti, nikamsomea maswali moja baada ya jingine. Anakula. Analala mtoto anapolala. Hawazi mabaya. Kwa kipimo changu, Solange alikuwa mama mtulivu kuliko wote niliowahi kuwapima, na matokeo hayo yaliniogopesha kuliko yangekuwa kinyume chake. Nilifunga mlango.

"Nyumbani kuna mtu anayekupiga?"

"Oya, Muganga," alisema, yaani hapana, na alionekana kushangaa kweli.

"Unaogopa kwamba utamdhuru mtoto?"

Alinitazama kwa kitu kilichokaribia huruma. Kisha akasema, "Naomba tu uniandikie nirudi Jumanne ijayo."

"Kwa nini Jumanne?"

"Jumanne ni siku nzuri."

Nilimwambia wazi kwamba siwezi kuandika kuwa mtoto mzima ni mgonjwa, lakini mlango wetu haufungwi. Nilimwona akiupima ukubwa wa jibu hilo, akiuliza moyoni kama linamtosha. Halikumtosha. Jumanne iliyofuata hakuja peke yake.

Mwanamke aliyeingia mbele yake alikuwa mrefu, wa umri wangu, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, na aliketi wima kama mkaguzi. Alikuwa mama yake Eriki, naye ndiye aliyemlea mkwewe tangu ajifungue: kumpikia uji, kumwogesha mtoto, kupokea wageni, kama desturi inavyotaka. Alinisalimu kwa Kinyarwanda, nikamjibu, akasikiliza lafudhi yangu, akahamia Kiswahili papo hapo. Kiswahili kilikuwa lugha ambayo Solange hakuijua zaidi ya salamu, na sikudhani kwamba kimechaguliwa kwa bahati.

"Umelelewa Tanzania wewe."

"Karagwe, mama."

"Nilijua. Sisi tulikaa Kyerwa. Basi ni majirani, na majirani hawadanganyani."

"Inategemea majirani."

Akacheka kidogo, akaacha. "Niambie ukweli. Huyu mtoto ana nini, kila Jumanne hospitali, kila Jumanne hospitali?"

Nilikuwa na jibu sahihi tayari mdomoni. Hana kitu, mama, ni mzima, rudini nyumbani. Nililisema nusu. "Hana ugonjwa," nilisema, na yule mama akamgeukia Solange haraka kwa Kinyarwanda: "Unasikia? Hana ugonjwa. Basi leo tunawahi."

"Mnawahi wapi?" niliuliza.

Badala ya kunijibu, alimchukua Keza, akamfungua kinywa kwa kidole kilichozoea kazi hiyo, akaniinamishia. "Ona mwenyewe. Juu pale, na pale. Wa hapa wanayaita ibyinyo. Wewe unajua sisi tuliyaitaje."

Nilijua. Kwenye ufizi kulikuwa na vidonge vyeupe vidogo kama punje za mtama, ambavyo watoto wengi huzaliwa navyo na ambavyo hupotea vyenyewe. Kule Karagwe watu waliviita meno ya plastiki, wakaamini kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuhara, na kwamba visipochimbuliwa mtoto atakufa. Wapo wanaofanya kazi ya kuvichimbua. Hutumia spoku ya baiskeli iliyonolewa.

Niliinua macho, nikamwona Solange. Hakuwa ameelewa Kiswahili chetu, lakini alikielewa kile kidole. Mkono wake ulikuwa umeushika mguu wa mtoto, kwa nguvu, kama mtu anayeshika kamba ya mashua isiondoke. Uso wake ulikuwa na hofu yote ambayo dodoso langu halikuipata. Nikajua papo hapo Jumanne ni nini, na kwamba kila nilipomwambia mtoto ni mzima, rudini nyumbani, nilikuwa nikimpokonya kisingizio. Mkwe hawezi kumkatalia mama wa mumewe usoni. Anaweza tu kuwa na miadi.

"Naomba nikusindikize, mama," nilimwambia yule mwanamke.

"Sijamaliza."

"Tutamalizia njiani."

Nilimrudishia Solange mtoto wake, nikamwonyesha Dativa kwa macho kwamba hao wawili wasitoke. Tulitembea polepole kuelekea langoni. Ndege ilipita, tukasimama kuingoja imalize kelele zake.

"Nitakuambia nilichokuwa nikifikiri," alisema. "Nilifikiri ana mwanamume huku. Mke wa mtu anavuka mji mzima, kila Jumanne, amejipaka mafuta, amevaa vizuri. Wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri mengi sana," nilisema, na sikuwa nimetia chumvi hata kidogo.

"Na Jumanne ndiyo siku yule mama wa kutoa meno anapokuja kwetu Batsinda. Anawatengeneza watoto wote, anaondoka. Wenzake Keza wote wameshatengenezwa. Sasa huyu msichana anataka nini? Anataka mtoto afe?"

"Nani alikufa, mama?" niliuliza.

Tulifika langoni, naye akaweka mkono kwenye chuma cha lango bila kulifungua.

"Wangu wa tatu. Kyerwa. Alikuwa na hayohayo mdomoni, akaanza kuhara. Majirani wakasema, mpeleke akatolewe. Mimi nikajifanya msomi, nikampeleka kituo cha afya. Kulikuwa na nesi msichana, ana sauti nzuri. Kawaida, mama, akasema. Ni kawaida, rudi nyumbani. Nikarudi. Nikamzika na kawaida yake."

Nilipiga hesabu ya miaka, kwa sababu ndivyo nilivyo. Wakati huo nilikuwa bado nasomea uuguzi; nesi yule hakuwa mimi. Lakini sauti ile niliitambua. Nilikuwa nimeitumia juma hilohilo.

Nilijua kwamba mtoto yule aliuawa na kuhara, na kwamba maji na chumvi vingeweza kumwokoa pale ambapo spoku isingeweza. Sikuona mahali pa kuliweka jambo hilo mbele ya mwanamke aliyeshika lango. Nilimwambia nilichokiona kwa macho yangu: kwamba nimewapokea watoto waliotoka kuchimbuliwa, ufizi umeoza, na mmoja wao hakurudi kwao.

"Na waliopona je?" aliuliza. "Batsinda wamejaa."

"Waliopona hawakuwa wagonjwa, mama."

"Hayo ni maneno ya hospitali."

"Ndiyo. Basi usiyaamini."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu tuanze kutembea.

"Usiniamini mimi," nilisema. "Njoo uangalie. Kila Jumanne umlete Keza wewe mwenyewe, asubuhi. Tochi utashika wewe. Vikikua, au akipata homa, au akikataa ziwa, au akihara, nitakwenda naye kwa daktari na wewe ukiwa kando yangu, na sitakuambia urudi nyumbani. Vikipungua, utakuwa umeviona vikipungua."

"Kila Jumanne."

"Kila Jumanne."

"Asubuhi." Alifikiri. Alijua nani huwa Batsinda asubuhi ya Jumanne, na alijua kwamba mimi najua. "Wewe mwanamke ni mjanja."

"Ni mashaka tu, mama. Nimeyasomea."

Tulirudi ndani. Nilitoa tochi ya Imakulata mfukoni, nikampa. Aliijaribu kwanza kwenye kiganja chake.

Siwezi kuwaambia kwamba tulipatana. Majuma yaliyofuata tulikuwa wanawake wawili wasioaminiana, tumeinamia kinywa kimoja. Yeye alitazama kucha zangu kabla sijamgusa mtoto. Aliuliza kama ninampaka dawa kwa siri ili vidonge vionekane kupungua. Alikuja na kitambaa chake mwenyewe cha kusafishia. Mimi, kwa upande wangu, kila Jumanne nilipitisha kidole kwenye ufizi wa Keza nikitafuta kovu, maana juma lina siku nyingine, na waganga wa namna ile hutembea. Alifahamu ninachotafuta. "Angalia tu," aliniambia wakati mmoja. "Na mimi ningeangalia." Neno kawaida sikulitumia. Nilisema: leo kiko hiki na hiki, kile cha nyuma hakionekani, wewe unakiona? Naye alisogeza tochi, akabisha, akasogeza tena.

Solange aliketi pembeni. Malalamiko yake yalikoma. Dativa aliona kabla yangu kwamba amenenepa.

Jumanne yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya mvua nyepesi. Yule mama alimulika kinywa cha Keza, juu, chini, mashavuni, kisha akaanza upya.

"Yamekwenda," alisema.

"Yamekwenda."

"Au yamezama."

"Huenda. Kaa na tochi. Endelea kuangalia."

"Masters!" Dativa alisema kutoka mezani. "Hiyo si mali ya kliniki?"

"Ni mali ya Imakulata," nilimjibu. Yule mama aliifunga kwenye ncha ya kitenge chake na hakutoa shukrani, jambo lililonifanya nimwamini kidogo zaidi.

Niliwasindikiza. Yeye alitangulia kuelekea kituo cha basi akiwa ameshika mwavuli. Solange alichelewa nyuma na mtoto mgongoni, na alipofika langoni akasimama, akarekebisha kitenge.

"Muganga, siku ile ya kwanza nilikuambia kwamba anapiga chafya."

"Nakumbuka. Ulikuwa unanidanganya."

"Oya. Anapiga kweli. Kila asubuhi anapoamka." Alitazama njia, mahali ambapo mwavuli ulikuwa ukienda. "Siku ile sikupata nafasi ya kukuuliza vizuri. Ni kawaida?"

Nilimwomba amgeuze mtoto. Nilimtazama tena tundu za pua, ingawa nilikuwa nimeshazitazama muda mfupi uliopita, nikaweka sikio langu kifuani mwake hapohapo kwenye mvua nyepesi, nikasikiliza mpaka niliporidhika, na mimi huridhika kwa shida. Kisha nikamwambia kwamba ni kawaida.

Solange akapumua.